Siku Ngapi kwa Mwezi?

Kwetu Ngamiani, jijini Tanga, kichwa cha mama kilijulikana mtaa mzima. Akionekana amejifunga kitambaa kwenye paji la uso, amekikaza mpaka nyusi zimepanda, majirani walipunguza sauti ya redio na sisi watoto tuliambiwa tukacheze mbali. Mama alikuwa akikaanga samaki wa kuuza. Siku ya kichwa, harufu ya mafuta yanayochemka ilimtapisha na mwanga wa jua uani ulimchoma macho, kwa hiyo karai lilichukuliwa na jirani, yeye akaingia chumbani, pazia likashushwa, ndoo ikawekwa ubavuni mwa kitanda. Kesho yake, au keshokutwa, aliamka akaoga, akarudi jikoni. Hakuna aliyeuliza ni ugonjwa gani. Ilitosha kusema, "Leo kichwa kimemshika."

Dawa zake zilikaa pindoni mwa kanga, fundo moja na pesa ya samaki. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa dukani. Muuzaji alivikata vidonge kwa mkasi kutoka kwenye karatasi yake, akavifunga kwenye kipande cha gazeti, nikavileta mbio. Mama alimeza viwili na maji ya mtungini, na vilivyobaki vikarudi pindoni, maana alijua atavihitaji tena kabla ya Ijumaa.

Mara chache alipokwenda zahanati, jibu lilikuwa moja: malaria. Hiyo ilikuwa miaka ya 1980. Zahanati nyingi hazikuwa na hadubini, na utaratibu wa wakati ule ulikuwa homa yoyote itibiwe kama malaria. Kichwa nacho kikaingizwa humo humo. Mama alirudi na klorokwini. Waliowahi kuinywa hawajasahau muwasho wake, ngozi nzima inawasha na hakuna kipele hata kimoja, usiku kucha unajikuna kwa gunzi la mahindi au kwa kucha za nduguyo. Baada ya siku mbili kichwa kilikuwa kimetulia, na klorokwini ikasifiwa.

Imenichukua miaka mingi kuelewa kwa nini ilisifiwa. Mama alikuwa na kipandauso, na shambulio la kipandauso lisipotibiwa hudumu kati ya saa 4 na saa 72, kisha hutulia lenyewe. Ukinywa klorokwini, litatulia. Ukichanjwa chale kwenye paji la uso, litatulia. Ukifukizwa kwa majani ya mwarobaini, ukasomewa, ukaombewa, ukachomwa sindano, siku ya tatu litatulia. Kila aliyemtibu mama aliamini kwa moyo safi kwamba amemponya, na mama naye aliamini hivyo, hadi kichwa kiliporudi. Ugonjwa unaokuja na kuondoka humpa kila tabibu sifa, na kwa sababu hiyo unaweza kuishi ndani ya nyumba miaka 40 bila kujulikana jina lake.

Mimi niliurithi nikiwa sekondari. Siku moja darasani, herufi za katikati ya ubao zilipotea. Nikafikicha macho. Pembeni ikajitokeza mistari ya mwanga iliyopindapinda kama meno ya msumeno, inametameta, ikatanuka polepole hadi ikafunika nusu ya ubao. Nikafumba macho, ikabaki pale pale. Baada ya kama nusu saa mwanga ukaisha, na upande mmoja wa kichwa ukaanza kugonga kwa mapigo ya moyo. Matroni wa bweni alinipeleka kwenye chumba cha wagonjwa, akanigusa shingo kwa nyuma ya mkono, akasema ni malaria inaanza. Nililala gizani nikasikia wenzangu wakipita na ndoo zao, kila hatua yao naisikia ndani ya jicho. Siku hiyo ndipo nilipojua mama alikuwa anabeba nini.

Tangu wakati ule huduma za afya Tanzania zimebadilika mno, na mabadiliko hayo nimeyapitia kwa mwili wangu. Mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Mwaka 2001 klorokwini iliachwa kwa sababu vimelea vilikwisha kuizoea, na baada ya miaka michache ikaja dawa mseto. Mwaka 2001 huo huo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi, na watumishi wa umma kama mimi, nilipokuja kuwa mwalimu, tukapata kadi. Mwaka 2003 maduka ya dawa muhimu yalianza mkoani Ruvuma, wauzaji wakapewa mafunzo, kisha mpango ukaenea nchi nzima kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba mgonjwa apimwe malaria kabla ya kupewa dawa, na kipimo cha haraka cha tone la damu kikafika hadi vijijini. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote.

Hayo ni maendeleo ya kweli, na asiyeyaona hakuiona zahanati ya utoto wangu. Kipimo cha haraka peke yake kimewaepusha watu wengi na kunywa dawa wasizozihitaji, na kimewasaidia waganga kuiona homa isiyo malaria. Lakini kichwa cha muda mrefu hakikupata faida hiyo. Malaria ilipokataa kuonekana kwenye kipimo, kichwa kilitafutiwa jina lingine la haraka. Nikiwa mwalimu Dar es Salaam, niliingia zahanati moja ya binafsi kichwa kinagonga na kadi ya bima mkononi. Nilichukuliwa damu na mkojo kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Majibu yalipotoka nikaambiwa nina UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, "na taifodi kwa mbali." Nikaandikiwa sindano za siku tano. Yule tabibu hakuwa ameniuliza swali hata moja kuhusu kichwa: kinauma upande gani, kinaanzaje, kimeanza lini.

Ndugu zangu wa Dar watanielewa. Nani hajaambiwa ana UTI? Kipimo cha taifodi kinachotumika sana, cha kuangalia askari wa mwili kwenye damu, kinaweza kuonyesha dalili za maambukizi yaliyopita zamani, na peke yake hakithibitishi kwamba unaumwa leo. Na kila sindano ya antibiotiki isiyohitajika inachangia usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kiasi kwamba siku mtoto atakapougua kweli, dawa itagoma. Kichwa changu kilitulia siku ya pili ya sindano. Zahanati ikapata sifa, kama klorokwini ilivyopata.

Miaka ya karibuni yamekuja mambo mengine. Mwenzangu wa ofisi ya walimu, naye wa vichwa, alinishika mkono tukaenda kwenye hema la "pima afya mwili mzima" lililopigwa uwanjani. Kijana mwenye koti jeupe alimpa fimbo ya chuma aishike kiganjani, waya ukaenda kwenye kompyuta mpakato. Dakika moja, karatasi zikaanza kutoka kwenye mashine ya kuchapia: ini, figo, kongosho, mifupa, macho, vitamini, kila kiungo na mstari wake wa kijani au mwekundu. "Mama, sumu mwilini imezidi," kijana akamwambia kwa upole, akafungua boksi la virutubisho. Bei yake ilikaribia kodi ya chumba cha mwezi mzima. Hakuna fimbo ya chuma inayoweza kupima ini kupitia kiganja. Mwenzangu alilipa, kichwa chake kikatulia wiki ile, na kwa muda alikuwa anawapeleka wengine. Simu zetu nazo zimejaa mabingwa wa aina hiyo, kila mmoja na video ya dakika moja na namba ya kutuma pesa.

Mtu anayeumwa kichwa miaka mingi hununua kila kitu. Si ujinga. Maumivu hayaonekani, hayana kovu wala uvimbe, na anayeugua huchoka kuomba asadikiwe. Mwalimu mkuu anamwona mzembe, mume anadhani ni hasira, wifi anasema ni jini. Anayempa karatasi yenye michoro amempa ushahidi kwamba anaumwa kweli. Mashine ya hemani huuza kitu ambacho hospitali haikumpa, nacho ni mtu wa kumwambia, "Ndiyo, una shida."

Aliyenitoa huko ni daktari mmoja mama wa makamo katika hospitali ya serikali. Chumba chake kilikuwa kidogo, foleni nje ndefu, na mezani kulikuwa na daftari, kalamu, nyundo ya kupimia magoti na taa ya kuangalia macho. Aliweka kalamu chini.

"Mwalimu, niambie tangu mwanzo."

Nikamwambia habari za ubao na msumeno wa mwanga. Akauliza upande gani, kinagonga au kinabana, natapika au sitapiki, nikipanda ngazi kinazidi au la, siku zangu za mwezi zikikaribia hali inakuwaje. Akauliza nani mwingine nyumbani, nikamtaja mama. Akanimulika ndani ya macho, akanipima presha, akanitembeza kwa mstari, akagonga magoti. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Unatumia uzazi wa mpango wa aina gani?"

Nilikuwa natumia vidonge vya majira, vile vyenye homoni mbili. Akanieleza taratibu kwamba mwanamke mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mwanga au upofu wa muda, kama changu, ana hatari ya kiharusi iliyo juu kidogo kuliko wengine, na vidonge vyenye estrojeni huiongeza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mwanamke huyo asipewe vidonge hivyo kabisa; zipo njia zisizo na estrojeni, kama kitanzi na vijiti. Nilikuwa nimechukua vidonge hivyo kliniki kwa miaka, nikipimwa uzito na presha kila mara, na hakuna aliyewahi kuuliza kama naona mwanga kabla ya kichwa. Kwenye maabara jambo hilo halionekani, wala kwenye picha ya kichwa. Linaonekana kwa kuulizwa tu.

Mwisho akauliza, "Unameza dawa ya maumivu siku ngapi kwa mwezi?" Nikamjibu kwamba ni siku chache, kwa sababu vidonge vilinipa kiungulia. Akatikisa kichwa. "Na mama yako?"

Sikujua. Akanieleza jambo ambalo ningependa libandikwe kwenye ukuta wa kila duka la dawa nchini. Mtu mwenye ugonjwa wa kichwa akitumia dawa ya kawaida ya maumivu, kama parasetamoli au diklofenaki, siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe inaweza kuanza kuzalisha kichwa. Kwa dawa za mchanganyiko, zile zenye kafeini ndani, na kwa zenye kodeini au tramadoli, siku 10 kwa mwezi zinatosha. Ubongo unazoea, dawa ikipungua kichwa kinadai, mgonjwa anameza tena, na mduara unafungwa. Kichwa kilichokuwa kinakuja mara mbili kwa mwezi kinakuwa cha kila siku. Daktari akiongeza dawa kali zaidi bila kuuliza, anazidi kukaza fundo.

Nilipokwenda Tanga nilimkuta mama amekaa kwenye jamvi anachambua mchele. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, habari za huko?" Baada ya chai nikamuuliza lile swali. Alicheka. "Nani anahesabu dawa ya kichwa?" Alikuwa na haki ya kucheka, maana katika miaka yote ile hakuna mganga aliyemwomba ahesabu.

Tukachukua kalenda ya ukutani, ile yenye picha ya msikiti na tarehe za Kiislamu chini ya zile za kawaida, tukaitundika karibu na kitanda na kalamu ikaning'inizwa kwa uzi. Siku ya kichwa anaweka alama ya mkasi (X). Siku ya kidonge anazungushia duara, hata kama ni kimoja, hata kama amekinywa ili kichwa "kisije." Mama kisomo chake ni cha madrasa na cha elimu ya watu wazima, na alama zile hakukosea hata siku moja. Mwezi ulipokwisha tuliketi tukaitazama. Miduara ilikuwa mingi kuliko siku tupu. Mama aliipitisha kidole polepole, mstari kwa mstari, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe."

Umri wake ulikuwa umekwisha pita ule ambao wanawake wengi hupumzika na kipandauso, kwa maana baada ya hedhi kukoma mara nyingi hupungua. Chake kilikuwa kimeongezeka, na tumbo lake lilikuwa na vidonda. Daktari aliyemwona Tanga alifanya kazi na kalenda ile kama wengine wanavyofanya kazi na picha ya eksirei. Alimwachisha vidonge vyake kwa mpango, akampa propranololi ya kuzuia, baada ya kuhakikisha hana pumu, na akatuonya kwamba siku za mwanzo kichwa kitakuwa kikali kuliko kawaida kabla ya kupungua. Kilikuwa kikali kweli. Dada yangu alikaa naye usiku, akimkanda paji la uso kwa kitambaa cha maji baridi. Katika miezi iliyofuata mikasi kwenye kalenda ikaanza kuachana, na pindo la kanga likabaki na pesa peke yake.

Mimi nilipewa amitriptilini, dozi ndogo, usiku. Nilipopeleka karatasi duka la dawa, kijana aliisoma, akainama karibu, akashusha sauti: "Madam, hii ni dawa ya wagonjwa wa akili. Una uhakika?" Ni kweli kwamba ilianza kama dawa ya sonona, na kwa dozi kubwa bado inatumika hivyo. Kwa dozi ndogo imetumika kwa miongo mingi kuzuia kipandauso. Nina hakika wapo waliorudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya mnong'ono wa namna hiyo. Wauzaji wetu wa dawa wanastahili kufundishwa jambo hili, kwa kuwa ndio watu wa kwanza, na kwa wengi ndio watu pekee, wanaoonana na mwenye kichwa.

Kipandauso ni ugonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, na hurithiwa katika familia. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Kinachouma ni utando unaoufunika na mishipa ya damu iliyomo, na taarifa ya maumivu hubebwa na mshipa wa fahamu unaohudumia uso. Shambulio likianza, miisho ya mshipa huo humwaga kemikali, mojawapo ikiitwa CGRP. Watafiti wanne, Lars Edvinsson, Peter Goadsby, Michael Moskowitz na Jes Olesen, walipata tuzo ya Brain Prize mwaka 2021 kwa kazi ya miaka mingi iliyofungua njia hiyo. Kutokana na kazi hiyo zimepatikana sindano za kuzuia. Ya kwanza, erenumab, iliidhinishwa Marekani mwezi Mei 2018, na bei yake ikatangazwa kuwa dola 6,900 kwa mwaka. Sindano hiyo haitafika Ngamiani hivi karibuni. Lakini amitriptilini na propranololi, zilizokuwapo tangu miaka ya 1960, ni za bei nafuu, na kwa wagonjwa wengi zinapunguza mashambulio. Sumatriptani, ya kutuliza shambulio lenyewe, iliingizwa mwaka 2021 kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kinachokosekana kwetu zaidi ni mtu wa kutambua ugonjwa.

Na wagonjwa si wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba magonjwa ya kichwa yanawagusa kama asilimia 40 ya watu wote duniani, bilioni 3.1 katika mwaka 2021. Hapa kwetu, utafiti wa nyumba kwa nyumba katika eneo la Haydom, mkoani Manyara, uliochapishwa mwaka 2010, ulihoji watu zaidi ya 7,000 na kukuta wanawake wenye kipandauso ni karibu mara tatu ya wanaume. Hao ni wakulima na wafugaji, mbali na taa za ofisini na skrini. Anayesema kipandauso ni ugonjwa wa watu wa mjini, au wa matajiri, aende Haydom.

Kuishi nacho kunawezekana, na kunahitaji ratiba zaidi ya kitu kingine. Ubongo wa mwenye kipandauso haupendi mabadiliko ya ghafla: usingizi mwingi leo na mchache kesho, kuruka mlo, kukaa bila maji, kahawa nyingi kisha hakuna. Kwa sisi wa pwani, mtihani mkubwa ni siku za mwanzo za Ramadhani. Mnywaji wa kahawa anaikata kwa siku moja, na adhuhuri ya siku ya kwanza kichwa kinapasuka. Nimejifunza kuanza kupunguza kahawa katika mwezi wa Shaabani, kula daku karibu na alfajiri badala ya kulala nalo, na kunywa maji taratibu kutoka futari hadi usiku. Mwaka ambao mashambulio ni mazito nazungumza na daktari mapema, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye.

Hata hivyo, si kila kichwa ni cha kusubiri kalenda. Kichwa kinachopiga kwa ghafla, kikafika kileleni ndani ya dakika moja, ni cha hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo kichwa chenye homa na shingo ngumu, chenye kupooza upande, kuvurugika kwa maneno, degedege au kupoteza fahamu. Kichwa kipya baada ya miaka 50, kichwa cha mjamzito kinachokuja na ukungu machoni au presha ya juu, kichwa kilichofuata kuanguka au kugongwa, na kichwa cha mtu anayeishi na VVU kinachoongezeka siku hadi siku, vyote vinataka daktari bila kuchelewa. Huko ndiko picha za kichwa na vipimo vya maji ya uti wa mgongo vinapookoa maisha, na huko ndiko mashine zetu mpya za mikoani zinapostahili kutumika. Na tusidanganyane kuhusu presha: presha ya juu mara nyingi haiumi kabisa hadi ipande kupita kiasi, kwa hiyo asiyeumwa kichwa asijione salama, akapime.

Bima ya afya kwa wote ikikamilika, tutapata kadi, majengo na mashine. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ombi langu kwa wanaoipanga ni kwamba wasilipie vipimo na kusahau kulipia mazungumzo. Kituo kinacholipwa kwa kila kipimo na hakilipwi kwa dakika 20 za kusikiliza kitapima kila kitu na hakitauliza kitu. Waganga wa zahanati wafundishwe kutambua kipandauso na kichwa cha dawa. Mafunzo hayo hayahitaji mashine. Dawa mbili za zamani za kuzuia zifike vituo vya afya, na zisikwame kwenye hospitali za rufaa. Kliniki za uzazi wa mpango ziongeze swali moja kwenye kadi: unaona mwanga au giza kabla ya kichwa? Walimu wakuu na waajiri wengine wajue kwamba mtu aliyejifungia gizani leo na akafanya kazi vizuri kesho hakuwa anadanganya.

Kwako muuza dawa, mteja anayerudi kila juma kusema "nipe ya kichwa" hahitaji ile kali zaidi. Muulize ni siku ngapi kwa mwezi, na jibu likiwa kubwa, mwelekeze kwa daktari kabla hujakata kidonge.

Nawe msomaji, kama una kalenda ukutani, anza leo. Weka alama ya siku ya kichwa na alama ya siku ya dawa, kwa miezi mitatu, kisha ibebe uende nayo hospitali, na ukifika usikubali kuondoka kabla haijasomwa. Anayemeza dawa ya kichwa siku 10 au zaidi kila mwezi ni mgonjwa anayestahili daktari, hata kama anatembea, anafanya kazi na anacheka na watu.